Kipimo kisichofika Kigoma

Binti wa dada yangu anasoma kemia Dar es Salaam. Alipokuja Ujiji likizo alituambia anataka kusomea shahada ya uzamili katika kutengeneza molekuli zinazonasa kwenye vipokezi vya seli za ubongo, ili vipigwe picha mtu akiwa hai. Pale kijiweni kwenye kahawa, mwalimu mmoja mstaafu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na kule Kakonko, mwanangu, kitamsaidia nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Nimekaa na swali lake wiki nzima.

Kwanza kazi yenyewe. Usiku wa giza, ukiwa mlimani hapa Kigoma, mitumbwi huioni. Unaona taa tu, na kwa taa hizo unajua wavuvi wa dagaa wako wapi na ni wengi kiasi gani. Molekuli ya picha ni taa ya namna hiyo. Kipokezi ni protini ndogo mno inayopokea ujumbe wa kemikali kwenye seli, hakuna mashine ya hospitali inayokiona. Mwanakemia anatafuta molekuli inayokipenda kipokezi hicho peke yake, anaipachika atomu nururishi, mtu anadungwa mikrogramu chache, na mashine ya PET inasoma mionzi inatokea wapi.

Ugumu uko kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, maana mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawaifuati taa. Molekuli nayo ina mbalamwezi yake. Ili ipenye ukuta ulio kati ya damu na ubongo, lazima iwe ndogo na ipatane na mafuta. Ikizidi kupatana nayo inanata kila mahali ubongoni, na picha inakuwa ukungu mtupu. Isipopatana nayo, haiingii. Hata ikiingia, kwenye ukuta huo kuna protini ambazo kazi yake ni kuwasukuma wageni warudi walikotoka. Molekuli nyingi zilizosifiwa kwenye chupa za maabara zimeishia hapo.

Halafu kuna saa. Kati ya atomu hizo nururishi, kaboni-11 hupungua nusu kila baada ya dakika 20, florini-18 kila baada ya dakika 110. Tuseme saiklotroni, yaani mashine ya kuzitengeneza, iko Dar es Salaam, na kutoka mlangoni kwake mpaka kitandani Kigoma ni saa 5 kwa ndege na magari: florini itakuwa imebaki kama asilimia 15, na kaboni hata sehemu moja ya elfu thelathini haifiki. Treni usiitaje.

Kwa hesabu hiyo mwalimu ameshinda. Lakini mtaani kwetu kuna kijana anayeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. Nilimkuta siku moja baada ya sindano za haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo: shingo imepinda, taya limekaza, uji unamtoka pembeni ya mdomo, na mama yake ana hakika amerogwa upya. Muuguzi aliyemwona kesho yake alimpa benzheksoli, dawa ya kulegeza mkazo huo, na dozi ya haloperidoli ikapunguzwa. Baada ya siku chache alikuwa anakula ugali kwa mkono wake.

Haloperidoli inaziba vipokezi, aina ya D2, vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Henry Wagner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alijilaza mwenyewe kwenye mashine mwaka 1983, vipokezi vya dopamini vikaonekana kwenye ubongo wa mtu hai. Baadaye Lars Farde na wenzake wa Karolinska, Stockholm, walitumia raklopraidi, molekuli inayonasa kwenye vipokezi hivyo vya D2, yenye kaboni-11 kupima dawa imeziba vipokezi kwa kiasi gani. Shitij Kapur na wenzake huko Toronto waliendelea, wakaona kwamba nafuu inatarajiwa vipokezi kama asilimia 65 vikishazibwa, na vikikaribia asilimia 80 mtu anaanza kukakamaa na kutetemeka. Kwa wengi wanaoanza tiba, miligramu chache za haloperidoli kwa siku zinatosha. Zamani wapo waliomezeshwa makumi.

Kwa hiyo molekuli haikufika Kigoma, ila somo lake lilifika, likiwa limeandikwa kama dozi. Kwangu hoja hii ina uzito kuliko ahadi zote za "teknolojia ya kisasa".

Mwalimu hakukubali upesi. Fenobabitoni, alisema, inatuliza kifafa tangu 1912, kabla mtu hajajua kipokezi cha GABA, kile inachokigusa ubongoni, ni kitu gani. Kweli tupu. Kwa mgonjwa anayekwenda zahanati na kurudi mikono mitupu, picha ya ubongo ni mzaha.

Mimi nina wasiwasi mwingine. Somo lile lilipimwa kwa watu wa huko. Haloperidoli huvunjwa ini, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya CYP2D6. Kwetu Waafrika ni kawaida kukuta aina ya jeni, iitwayo *17, inayokifanya kiwe kivivu, na dozi ya huko huenda ikatuzidi. Molekuli zenyewe pia huchagua watu. Zile mpya za kulenga TSPO, protini inayoongezeka ubongo unapopata uvimbe wa uchochezi (inflamesheni), kwa watu wengine zinashika kwa shida sana kwa sababu ya tofauti ya herufi moja tu kwenye jeni, na jambo hilo lilijulikana wakati watu wameshadungwa.

Nilimwambia binti asome, ila achague swali linalotuhusu sisi. "Mjomba," alinijibu, "florini haisafiri, lakini mtu anasafiri. Mashine Nairobi zipo. Watu wa Kigoma waende wakapimwe, ijulikane dozi yao."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Akataka kujua nauli ya kwenda na kurudi, na pa kulala, nani atalipa. Na huyo atakayepimwa akiwa hana ugonjwa wowote ataambiwa nini hasa kabla ya kudungwa mionzi. Binti alitoa daftari akayaandika yote mawili.