Birmingham ipi, jamani?

Kinachonikera kwenye habari zetu ni hiki: mtu anaandika "Birmingham" halafu anaendelea na mambo yake kana kwamba duniani ipo moja tu. Zipo mbili kubwa, na zote ni miji ya chuma! Ya Uingereza ni ile ya karakana za bunduki, vifungo na misumari, ambako Boulton na Watt walitengeneza injini zao za mvuke. Ya Marekani iko Alabama. Ilianzishwa 1871 mahali ambapo madini ya chuma, makaa ya mawe na chokaa vyote vinapatikana jirani, na waasisi wakachukua jina la ile ya Uingereza makusudi.

Mwaka 2022 ndio ulionichosha kabisa. Julai, Michezo ya Dunia ikafanyika Birmingham ya Alabama. Mwezi huohuo ukielekea ukingoni, Michezo ya Jumuiya ya Madola ikaanza Birmingham ya Uingereza, ambako Omanyala alibeba dhahabu ya mita 100 na Simbu fedha ya marathoni. Msomaji atatofautishaje?

Hata wenyewe huchanganya: 2008 halmashauri ya Birmingham ya Uingereza ilichapisha vipeperushi vyenye picha ya majengo ya Alabama.

Linaloniuma zaidi ni la 1963, wasichana wanne weusi walipouawa kwa bomu kanisani huko Alabama. Kusimulia kifo chao bila hata kutaja walikouawa ni kuwakosea heshima. Wahariri, ni neno moja tu. Liandikeni.