Siku Gari Liliponiona Koni

Mama aliposikia kwamba huku Ujerumani nimejiunga na wanafunzi wanaounda gari la mashindano la umeme, linalojiendesha lenyewe, aliuliza: "Sasa mwanangu, kama linajiendesha, ninyi wote hao mna kazi gani?"

Mimi, mama, napanga koni.

Msicheke. Tangu mashindano ya wanafunzi kwenye uwanja wa mbio wa Hockenheim, hukuhuku Ujerumani, yalipoanza kushindanisha magari yasiyo na dereva mwaka 2017, njia ya gari huonyeshwa kwa koni, zile za plastiki za barabarani: kushoto za buluu zenye mstari mweupe, kulia za njano zenye mstari mweusi. Gari hupita katikati. Likiangusha koni moja, mnaongezewa sekunde mbili. Kwa hiyo mpanga koni ni mtu mzito, japo wale wa programu walizoea kunituma kahawa.

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Kipimaumbali cha leza kilikuwa mezani, kimefunguliwa matumbo nje, gari likabaki na kamera tu. Kijana wa programu akatutuliza: koni zote za buluu na za njano zina urefu wa sentimita 32.5, kwa hiyo ikionekana kubwa iko karibu, ikionekana ndogo iko mbali. Hesabu safi. Nikaenda kusimama ng'ambo ya kona, mbali na njia kama kanuni zinavyotaka, nimevaa koti langu la mvua la mtumba. La njano. Kiunoni nimefunga mkoba mweusi.

Gari likaja polepole, maana mwendo ulikuwa umewekewa kikomo. Lilitakiwa kukata kulia. Likaniona. Koni gani hii jamani, mita moja na robo tatu! Kwa hesabu yake nilikuwa puani pake, na njia imenyooka. Likalaza koni za buluu, likanijia.

Nikakimbilia kushoto, nalo kushoto. Kulia, nalo kulia. Halikuwa na nia ya kunigonga, nalitetea hadi leo. Lilitaka tu niwe mkono wake wa kulia, kwa heshima zote.

"Vua koti!" wakapiga kelele. Zipu ikagoma, zipu za mtumba mnazijua. Na aliyeshika rimoti ya dharura alikuwa anacheka hadi kidole hakioni kitufe.

Alipokipata, breki zilikaza, taa za buluu zikamweka, king'ora kikalia. Mlinzi wa uwanja akaja mbio na baiskeli yake. Akachungulia kwenye siti: hakuna mtu. Akanigeukia mimi ninayehema, akaniomba leseni. Sina. Sijawahi hata kuendesha bajaji.

Jioni wakaiingiza picha yangu kwenye mafunzo ya kamera, na lebo: SI KONI. Moja haikutosha, wakazalisha nyingine kutoka hiyohiyo: nimepinduliwa kushoto-kulia, nimetiwa giza, nimetiwa ukungu, na kadhaa nimekatwa kichwa, ili gari linizoee kwa kila hali.