Mbona mwaitukana Ironheart na hamjaiangalia?

Juzi Alhamisi baada ya Alasiri nilimtuma mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13, aende duka la muvi kule ndani ya Usita wa Mui, hapa Lamu, na flashi yake, akawekewe Ironheart yote, ile sirizi ya Marvel ya msichana anayejiundia suti ya chuma, episodi 6, na nikampa shilingi 60 kabisa manake pale ni shilingi 10 kwa episodi. Akarudi na flashi tupu na zile 60 mkononi, uso umemshuka. "Shangazi, asema ameifuta." Ameifuta kivipi? "Asema ni mbaya, watu wote wasema ni mbaya, ati nichukue The Penguin."

The Penguin! Kwa mtoto wa miaka 13! Mi The Penguin naipenda sana, ilipotoka 2024 niliimaliza zote 8 na yule Cristin Milioti alinitoa machozi, lakini ile ni sirizi ya watu wazima, damu tupu, mtu mwenye akili hampi mtoto. Nikavaa buibui langu nikaenda mwenyewe.

Jamaa ni kijana mwema, sina ugomvi naye, na mtaani sote twamtegemea. Nilimuuliza swali moja tu. Wewe umeiangalia, hata episodi moja? Akasema la, lakini nimeona alama zake. Alama za nani? Za watu. Watu gani? Akatoa simu akaanza kunionyesha, nyota moja, nyota moja, nyota moja, na maneno chini yake ambayo sitayaandika hapa. Hakuna hata mmoja kati ya wale niliowasoma aliyetaja kitu kilichotokea ndani ya sirizi yenyewe. Hakuna. Wote wazungumza juu ya yule msichana, mbona msichana, mbona mweusi, mbona yeye ndo avae chuma baada ya Tony Stark, yule Iron Man.

Nataka mulielewe hili vizuri manake ndilo limeniweka macho usiku. Disney+, ile huduma ya mtandaoni inayoonyesha sirizi za Marvel, haiuzwi hapa Kenya. Mtu wa Lamu akitaka kuona sirizi ya Marvel kwa njia ya kawaida ni duka la muvi, na mwenye duka ana bando lake na nafasi yake kwa kompyuta, akiambiwa kitu hakina soko anakifuta aweke kingine. Kwa hivyo mtu alokasirika huko Marekani, ambaye hajaangalia, amebonyeza nyota moja akaenda zake kulala, na ile nyota imevuka bahari mpaka ikafika mtaa wa Langoni ikamnyang'anya mtoto wetu episodi 6. Mtoto ambaye alikuwa amezingoja tangu alipomuona Riri Williams, ndiye Ironheart mwenyewe, kwenye muvi ya Wakanda Forever mwaka wa 2022! Yule Riri anayechezwa na Dominique Thorne, msichana wa Chicago anayetengeneza mashine kwa mikono yake mwenyewe. Huyu wetu alitoka pale akaifungua redio mbovu ya babake vipande vipande, na bado ameviweka kwa kopo la Blue Band.

Na si mara ya kwanza. Mwaka wa 2019, hata kabla Captain Marvel haijatoka, muvi ya shujaa wa kike, watu walikuwa washaijaza maneno kule Rotten Tomatoes, tovuti ya alama za muvi, mpaka wenyewe wakaondoa ile nafasi ya kuandika maoni kabla muvi haijaonyeshwa. Hebu fikiria, kitu hakijaonyeshwa na maoni yashajaa! Halafu She-Hulk mwaka wa 2022, sirizi ya wakili wa kike anayegeuka jitu la kijani, walioiandika walijua kabisa watatukanwa vipi, wakayaweka yale matusi ndani ya episodi ya tatu, na ilipotoka, watu wakaja kuyaandika yale yale, kama waliokuwa wamepewa wayasome. Mtu akiweza kuandika hasira yako mwaka mzima kabla hujakasirika, basi hiyo hasira si yako, umeazimwa.

Lakini ilouma zaidi ni Ms. Marvel, na hapa naomba munivumilie nitakuwa mrefu.

Ms. Marvel ilitoka Juni 8, 2022, episodi 6, na wiki ile ile nyota moja zikaanza kumiminika. Kamala Khan, binti wa Kipakistani wa Jersey City, Muislamu, na anayemcheza ni Iman Vellani ambaye hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa ya kuigiza. Wenye kazi ya kuhakiki karibu wote waliisifu, ni asilimia 98, lakini kwa baraza letu hapa neno lilikuwa moja tu, "ajenda". Ni ajenda hiyo. Nikauliza ajenda gani, nikaambiwa Marvel imeharibika, imekuwa ya kina dada, mashujaa wameisha. Vijana wetu, wa hapa hapa, wanaoswali jamaa, wametohoa matusi ya watu ambao wangewatukana wao wenyewe kwa majina yao, wakayafanya yao. Hilo mi nimeshindwa kulielewa mpaka leo.

Tuliiangalia nyumbani, kwa laptop, imewekwa juu ya kiti cha mpingo cha bibi, mama yake babangu, ambaye hajui Kizungu. Yule mtoto, wakati huo alikuwa na miaka 10, ndiye mkalimani. Bibi kwa kawaida anaangalia dakika tano analala. Ikafika episodi ya pili, Nakia, rafiki yake Kamala, anatoka msikitini viatu vyake havipo, vimeibiwa. Bibi akakaa kitako. "Hata huko Marekani wanaiba viatu msikitini?" Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, halafu akaanza kutuhesabia, ndara zake za Idd zilizopotea, za mumewe zilizopotea, jozi mpya aliyoletewa na mtu kutoka Jeddah ikapotea siku ya kwanza. Nakia analalamika kwamba upande wa wanawake umeachwa uharibike na upande wa wanaume uko sawa, kisha anagombea kamati ya msikiti, na bibi kimya, anamtazama mkalimani wake asimruke hata neno. "Kisha? Wamempa?" Wamempa bibi, amechaguliwa. Hakusema kitu. Akachukua chai yake akanywa.

Halafu ile episodi ya tano. Mwaka wa 1947, India inagawanywa, stesheni imejaa watu hata pa kuweka mguu hapana, treni ya mwisho, na kuna kitoto kimoja cha kike kimempoteza babake ndani ya ule umati. Sasa lazima niwaambie kwamba bibi alikuwa na kaka, mkubwa wake, alipanda jahazi hapa hapa kwenda Arabuni wakati wa kaskazi... samahani, wakati wa kusi, manake kaskazi ndiyo inayowaleta, na barua zilikuja mbili, ya tatu haikuja. Hili jambo nyumbani kwetu halizungumzwi. Basi kile kitoto kinazurura kwenye stesheni na mkalimani wetu amesahau kutafsiri, ameduwaa, na bibi akamshika mkono akamwuliza kwa sauti ndogo sana, "Amempata babake?" Amempata bibi. Kamala amemuwekea njia ya nyota, amepita juu yake mpaka kwa babake. Bibi akashusha pumzi, akasema "Alhamdulillahi", na usiku ule kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalisikia jina la yule kaka yake na jina la jahazi lenyewe.

Sasa wewe wa baraza uniambie hiyo ni ajenda ya nani. Mtoto anayekatazwa na mamake kutoka usiku, babake anamfichia siri kidogo, harusi ya kaka yake jamaa wote wanacheza, mtu kabla hajagusa kitu anapiga bismillahi. Miaka yote tumeangalia masupahiro wa watu, tukawapenda bila kuuliza mbona hawafanani na sisi. Mi nilimpenda Thor, Thor ana nini na mimi? Nikampenda Matt Murdock, yule Daredevil, na ni Mkatoliki, anaingia kanisani kuungama, na hakuna hata mmoja wa baraza aliyesema hiyo ni ajenda. Ikaja sirizi moja, moja tu, ambayo shujaa anavua viatu mlangoni, ndo ikawa nyingi mno?

Si kwamba zote ni nzuri, hapo nakubali, ingawa sipendi kukubali leo. Secret Invasion, sirizi nyingine ya Marvel, ilinichosha mpaka nikaona uchungu wa bando langu, na naisema vibaya popote manake niliimaliza. She-Hulk mwenyewe kuna pahali anaonekana kama hajakaushwa rangi. Hata Ms. Marvel, yale majini yao yalikuja haraka yakaondoka haraka, na mtu aliyekulia Lamu hadithi za majini anazijua, hawezi kuridhika na zile. Episodi 6 ni chache, hilo ni tatizo la hizi sirizi karibu zote, zaanza kwa raha na zaisha kwa mbio.

Na mashabiki wakali wana faida yao pia. Daredevil ilikatwa Novemba 2018, sizoni ya tatu ina mwezi mmoja tu tangu itoke, na mashabiki hawakunyamaza, walipiga kelele miaka, mpaka Charlie Cox anayemcheza akarudi na sirizi mpya, Born Again, ikaanza Machi 2025. Lakini wale walipiga kelele kwa sababu walikuwa wameziangalia sizoni tatu, wanajua kila kovu la yule mtu. Hasira yao ilitoka kwenye mapenzi. Hata wale wa WandaVision mwaka wa 2021 waliojiapiza kwamba Mephisto, yule shetani wa Marvel, atatokea, hakutokea wakanuna, angalau walinuna wakiwa wameangalia episodi zote 9.

Basi turudi dukani. Nilimwambia yule kijana, mimi sikulazimishi uipende, nakuomba uniwekee niichukie mwenyewe. Akatafuta, ikapatikana kwa hard disk yake nyingine, ilikuwa haijafutwa kabisa. Akachukua zile 60. Nilipokuwa natoka akaniuliza, kwani ni nzuri? Nikamwambia sijui, sijaiangalia.

Tumeiangalia Ijumaa na Jumamosi, stima ikatukatikia mara moja katikati ya episodi ya tatu, tukangoja gizani na mahamri. Na nitawaambia ukweli, yule mtoto hakuridhika. Alimpenda Riri, akapenda ile chuma ya kuungwaungwa kuliko zile za Stark za kung'ara, lakini mwisho ulimkasirisha vibaya sana. Kwa yeyote hajafika huko aruke mstari huu. Mephisto ndo huyo, amekuja hatimaye, miaka minne baada ya watu kumtafuta kwa Wanda, anamwambia Riri naweza kukurudishia rafiki yako Natalie aliyeuawa, na Riri anakubali. Mtoto akaruka kutoka mkekani. "Shangazi, huyu ni shetani! Amejua ni shetani na amekubali! Mtu mwenye akili hivyo!" Akaanza kunihesabia kwa vidole kila pahali Riri alipokosea tangu episodi ya kwanza, alivyoanza kuiba na lile genge, alivyomwacha John, mmoja wa genge, afe, na yote alikuwa sawa, sikuwa na la kumpinga.

Nikamwambia hayo yote uyaandike, uyaweke pale pale palipo zile nyota moja. Akaenda kutafuta daftari.

Bibi alikuwa amejilaza kitandani, mi nilidhani amelala zamani. Akauliza kutoka kule, yule rafiki aliyerudi, amerudi mzima? Mtoto akasema ndiyo bibi, lakini ni haramu, amefanya mkataba na shetani. Bibi akasema najua ni haramu. Kisha akanyamaza kitambo, akasema, rudisha nyuma kidogo, nataka kumuona usoni alipomuona.

Mtoto akarudisha.