Sindano ya mama mkubwa na madaktari wa WhatsApp

Mama mkubwa wangu wa Ujiji mwaka huu anakwenda Hija, inshallah. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo haikuleta neno, maana Saudia bila cheti chake huingii. Ila alipotuambia kwenye kundi la ukoo kwamba ameshauriwa achome na ya homa ya mafua (influenza), pakawaka moto. Zikaanza kumiminika sauti zilizosambazwa mara nyingi, zote za daktari asiyetaja jina, zikionya kwamba sindano hii inapoozesha watu na kwamba yenyewe ndiyo inaleta mafua, mmoja wao anakohoa katikati ya mawaidha.

"Mafua nayo yanachanjwa?" akauliza mjomba. Mjomba huyu akipiga chafya mbili hukimbilia duka la dawa pale Mwanga kuchukua vidonge vya rangi mbili, ameze siku mbili, vinavyobaki aviweke kabatini. Antibayotiki haiui kirusi cha mafua hata umalize kopo zima. Hilo halimtishi. Kinachomtisha ni chanjo.

Sasa nisikilizeni. Usiku ule kila mtu alipima hatari ya sindano. Hakuna aliyepima hatari ya ugonjwa. Mama mkubwa ameshapita miaka 65, ana sukari, ana presha. Anakwenda kubanana na umati kutoka kila pembe ya dunia: mahema ya Mina, mabasi, foleni, kila mtu na kikohozi chake. Kwa mtu kama yeye hizi si kamasi za siku tatu. Homa ya mafua humvuruga sukari na kumwachia nimonia, na moyo nao haubaki salama: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba ndani ya wiki moja baada ya mtu kuthibitika ana homa ya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulipanda karibu mara sita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maradhi ya kupumua yanayoletwa na homa hii huua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka.

"Mbona huku hatuwaoni hao wafu?" Utawaonaje? Mzee wa Kigoma akishikwa na homa, ni malaria. Kipimo kikikataa, ni taifodi. Akifa, ni uzee, Mungu amlaze pema. Wewe unayesoma hapa, ni lini umepimwa homa ya mafua? Tunauzika ugonjwa kwa majina mengine, kisha tunasema haupo! Sindano je? Mtu akiumwa kichwa wiki mbili baada ya kuchanjwa, mtaa mzima unajua chanzo.

Haya, nikubali ya kukubali. Chanjo hii si ya kujisifia sana. Kirusi hubadilika kila mara, ndiyo maana wataalamu hukaa Februari na Septemba kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo, na ndiyo maana inarudiwa kila mwaka. Wakipatia vizuri, inapunguza hatari ya kuugua kiasi cha kwenda hospitali kwa asilimia 40 hadi 60. Wakikosea, chini ya hapo, na miili ya wazee huitikia kidogo zaidi. Mkono utauma, pengine na homa ya siku moja mbili. Na ndiyo, mwaka 1976 kule Marekani walichanja watu kama milioni 45 wakihofia mlipuko ambao haukuja, na ikaonekana nyongeza ya ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré, kama mtu 1 kwa kila 100,000. Wakasimamisha kampeni. Siku hizi makadirio ni mtu 1 au 2 wa ziada kwa dozi milioni, na homa ya mafua yenyewe nayo huleta kupooza huko. Sehemu hiyo sauti ya WhatsApp haikufika, nadhani bando liliisha.

Eti chanjo ndiyo inaleta mafua? Ya sindano haina kirusi hai. Nikaeleza kwamba virusi vyake kwa kawaida hukuzwa kwenye mayai ya kuku kabla ya kuuawa. Mjomba akauliza: ya kienyeji au ya kisasa?

Kinachonichefua ni kwamba ukitusikiliza ungedhani serikali inatukimbiza na sindano hii mitaani. Haimo hata kwenye kadi ya kliniki! Mjamzito wa Kasulu, ambaye Shirika la Afya Duniani linamweka mstari wa mbele kwa sababu mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi na anaishi kwa kinga ya mamaye, hajaulizwa na mtu. Muuguzi anayekoholewa usoni kutwa nzima, hivyo hivyo. Tunabishana kuikataa kabla hatujapewa.

Mama mkubwa itabidi apitie Dar, hospitali binafsi, kwa pesa yake. Nimemwambia aongee kwanza na daktari wake wa sukari, kisha apande treni mapema, maana kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kuchoma siku ya kupanda ndege ni kujisumbua. Nauli tunachanga. Wenye hoja nyingi bado hawajatuma hata mia.