Siku ya Mwisho Msiipeleke Madukani

Mdogo wangu ameolewa Kisumu, na mwezi uliopita nilimfuata kwa siku kumi kutoka Tanga. Siku tisa tulizunguka kama tunaokimbizwa: makumbusho, bandari, ufuo wa Dunga jua likizama, mpaka pale reli ilipofikia Ziwa Victoria mwaka 1901, enzi hizo mji ukiitwa Port Florence. Picha ninazo tele. Lakini niulize ninachokumbuka, nitakutajia siku ya kumi, ambayo hatukuwa na ratiba yoyote.

Wengi wetu tukitembea nchi ya watu, siku ya mwisho huwa ya madukani. Begi limeshafura, nawe bado unatafuta kanga za kuwapelekea watu ambao kanga wanazo. Mdogo wangu alishanipangia hivyo. Nikamwambia hapana, nipeleke shamba.

Matatu ya Bondo ilingoja abiria saa nzima. Siku nyingine ningenung'unika. Siku hiyo nilinunua njugu nikamsikiliza makanga akibishana na mama mmoja kuhusu nauli ya kuku wake wawili. Kuku walipanda bure. Yule mama alikuwa na ulimi.

Ukifika Kisian njia inagawanyika: ya kulia inapanda Maseno, kwenye ikweta, na kuendelea hadi Busia. Sisi tukashika ya kushoto, tukashukia Kit Mikayi, kilomita zipatazo 29 kutoka mjini. Hapo kuna majabali yamepandana juu ya mahindi na mihogo, utadhani mtu aliyapanga kisha akaitwa nyumbani kabla ya kumaliza. Jina ni la Kijaluo, jiwe la mke wa kwanza. Wanasema mzee mmoja alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda kwake kutwa, chakula anapelekewa huko huko. Mkewe akiulizwa mumeo yuko wapi, anajibu amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Mdogo wangu akasema, "Dada, angekuwa wangu ningempelekea na godoro."

Tulipenya katikati ya mawe, pembamba hata begi ikabidi nilibebe kichwani. Ndani kuna ubaridi, na mabaki ya mishumaa yameganda kwenye mwamba, maana watu huja hapa kufunga na kuomba. Nikakumbuka mapango yetu ya Amboni, ambako nako watu hupeleka sadaka zao. Kwetu nimepita njia ile miaka yote bila kuingia mara mbili. Nimevuka mpaka kuja kustaajabia jiwe la wenzangu!

Nje alikaa bibi mmoja akipukuchua mahindi. Nikampigia shikamoo. "Mzuri," akanijibu, kwa furaha kabisa. Mdogo wangu aligeuka akatazama pembeni asije akacheka. Bibi akatusogezea kigoda, nami nikajikuta napukuchua. Magunzi mawili, matatu, mpaka kidole gumba kikachubuka. Hatukuongea mengi, Kiswahili chake kidogo na Kijaluo changu ni "ero kamano", asante, basi. Lakini siku tisa za mjini hakuna mwenyeji aliyenipa kazi ya kufanya. Kote nilikuwa mgeni wa kutazama tu, na mimi naona hapo ndipo matembezi yetu yanapokosewa.

Chakula tulikula kwenye kibanda kando ya lami, ambacho kule huitwa hoteli, usishangae ukakosa kitanda. Ngege, yaani sato, ugali wa mtama na muhogo uliokolea rangi, na apoth, ambayo kwetu ni mlenda. Mvua ikaja, tukakaa. Ikakatika, tukaendelea kukaa.

Najua mtaniambia kwenda shamba siku moja kabla ya safari ni kujitafutia kuachwa na basi. Kweli, kwa hiyo usiende mbali. Kilomita 29 hata ukikosa matatu bodaboda itakufikisha.

Sikutoka mikono mitupu, nisiwadanganye. Stejini nilinunua omena, yaani dagaa wa ziwani, wakavu, wakafungwa kwenye gazeti, na kesho yake basi zima likanuka mpaka Nairobi. Nyumbani mama aliwapika kwa nazi, akaonja, akaweka mwiko chini.

"Hawa wamevuliwa bahari gani isiyo na chumvi?"