Mid Suffolk na kura yetu inayolala

Kila ninaposikia Mswahili wa huku England akisema uchaguzi wa madiwani ni mambo ya wenyewe, humkumbusha Mid Suffolk, Mei 2023. Wilaya ya mashamba na vijiji, iliyozoea kuongozwa na Wahafidhina, ikachukuliwa na Chama cha Kijani kwa viti 24 kati ya 34. (Watanzania wenzangu, kijani hiki si kile cha CCM.) Wahafidhina waliambulia 6, Liberal Democrats 4. Kabla ya hapo, Kijani hawakuwahi kupata wingi wa viti katika halmashauri yoyote Uingereza.

Wengine walisema ni hasira tu dhidi ya serikali ya Wahafidhina ya wakati ule. Kweli, Wahafidhina walichapwa kila kona siku ile, wakapoteza madiwani zaidi ya 1,000 England nzima. Lakini hasira peke yake ingeweza kuwapeleka watu wa Mid Suffolk kwenye chama cha Labour, na haikuwapeleka. Kijani walikuwa na madiwani 12 pale tangu 2019, watu waliokwisha kujulikana vijijini. Halafu piga hesabu: wakazi 103,000 hivi, madiwani 34, yaani diwani mmoja kwa watu kama 3,000. Mgombea asiyechoka kubisha hodi anaweza kuwafikia wote hao. Tena mshindi ni anayeongoza tu, hata asipofikisha nusu ya kura; mfumo huo mimi siupendi, ila unamlipa anayejituma.

Nyumbani Tanzania diwani huchaguliwa siku moja na rais, jina lake likamezwa. Huku mara nyingi ana siku yake, na wengi hawaendi kupiga kura, kwa hiyo familia chache za mtaa mmoja zinaweza kuamua kiti. Na halmashauri ya wilaya ndiyo inayozoa taka, kutoa vibali vya ujenzi na kushughulikia watu wasio na makazi. Anayelalamikia foleni ya kupata nyumba za halmashauri halafu hapigi kura, simwelewi.

Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali cha kuishi hapa ana haki ya kupiga kura, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mkongo na Mrundi hawana njia hiyo. Tangu uchaguzi ule wa 2023 kituoni wanadai kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya kwenu inakubalika. Ila ujiandikishe mapema. Ukikosa jina kwenye daftari, pasipoti haitakusaidia.