Vifo 5 vilitosha, vifo 600 havikutosha

Tarehe 23 Julai 2022, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa zaidi ya 16,000 katika nchi na maeneo 75. Waliokufa walikuwa 5. Kamati ya wataalamu iliyomshauri iligawanyika, 9 wakapinga na 6 wakaunga mkono, naye akakata shauri mwenyewe. Kanuni zinampa mamlaka hayo, na kwa maoni yangu alifanya vyema kuyatumia.

Dharura hiyo ikafungwa Mei 2023. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliripoti wagonjwa zaidi ya 14,000 walioshukiwa kuwa na mpox, na vifo zaidi ya 600, wengi wao watoto. Tangazo la pili la dharura lilitoka tarehe 14 Agosti 2024.

Kila ninapoziweka tarehe hizi pamoja, damu inanichemka. Ugonjwa ni uleule, na shirika ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali walipolala wagonjwa.

Wapo watakaonijibu kwamba utaratibu ulifuatwa. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinataka tukio liwe lisilo la kawaida, liwe na hatari ya kuvuka mipaka na kuzifikia nchi nyingine, na lihitaji mataifa kushirikiana. Kongo ya 2023 ilihesabiwa kuwa na shida ya ndani. Sikatai kwamba kanuni zinasomeka hivyo. Lakini hazikushuka kutoka mbinguni. Ziliandikwa na wajumbe waliotumwa na serikali zao, na wajumbe hao walitanguliza swali la "je, utatufikia?" mbele ya swali la "unaua wangapi huko uliko?" Hiyo ni siasa, hata ikivaa koti jeupe la daktari.

Na mpox si mgeni. Mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu kutambuliwa alikuwa mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, kaskazini-magharibi mwa Kongo, mwaka 1970. Wakati huo watu wengi walikuwa bado na kinga iliyotokana na chanjo ya ndui, ugonjwa wa ukoo mmoja na mpox, chanjo ile iliyowaachia wazee wetu kovu la mviringo mkononi. Ndui ilipotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, chanjo ikasimamishwa duniani kote. Waliozaliwa baada ya hapo wakakua bila kinga hiyo, na mpox ikazidi kupata nafasi mwaka baada ya mwaka, katika vijiji ambavyo kuvifikia ni kwa mtumbwi au pikipiki. Wanasayansi wa Kongo waliliona na wakalisema. Ila nani alikuwa na haraka?

Chanjo mpya ya kukinga ndui na mpox ilikuwepo. Inatengenezwa na kampuni ya Bavarian Nordic ya Denmark, na Marekani iliiidhinisha mwaka 2019. Kilichoisukuma Marekani kuigharamia kwa miaka mingi ni hofu kwamba magaidi wangeweza kuitumia ndui kama silaha. Hofu ya shambulio ambalo halijatokea ilifungua mkoba wa serikali upesi kuliko watoto wa Kongo waliokuwa tayari wanazikwa. Mpox ilipoingia New York na London mwaka 2022, chanjo ilipatikana ndani ya wiki chache, ingawa kwa foleni na malalamiko, na Marekani peke yake ikatoa dozi zaidi ya milioni moja. Kongo ilikuwa imewahi kuiona chanjo hiyo katika utafiti: wahudumu wa afya wa jimbo la Tshuapa walichanjwa ili wataalamu wapime inavyofanya kazi. Wakongo walifaa kuipimia chanjo. Ilipofika zamu ya kuitumia kuokoa watu wao, wakaambiwa wasubiri.

Walisubiri nini hasa? Karatasi. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, hutegemea idhini ya WHO kabla ya kununua chanjo kwa ajili ya nchi maskini. Chanjo hii, yenye idhini ya Marekani tangu 2019, ilipata idhini hiyo ya WHO tarehe 13 Septemba 2024. Shehena ya kwanza, dozi zinazokaribia 100,000 zilizotolewa na Umoja wa Ulaya, ilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba mwaka huo. Watu wakaanza kuchanjwa Goma tarehe 5 Oktoba.

Sasa tazama yaliyotokea kabla ya hapo. Kamituga ni mji wa machimbo ya dhahabu, Kivu Kusini. Vijana wanatoka kila upande kushuka mashimoni, jioni wanakunywa baa, na wapo wanawake wanaojiuza ili walishe watoto wao. Humo, kuanzia Septemba 2023, ndimo aina mpya ya kirusi ilipojitengenezea njia ya kupita kati ya mtu na mtu. Ikafika Bukavu, ikafika Goma, ikaingia kwenye kambi za wakimbizi wa vita ambako familia nzima inalala chini ya turubai moja na maji ya siku nzima yako kwenye dumu. Mwambie mama wa hapo amtenge mwanawe mwenye vipele. Atamtenga wapi?

Julai 2024 kirusi kikapatikana Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza aligunduliwa mpakani Taveta. Mwezi uliofuata dharura ikatangazwa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa wasomaji walishike hata wakisahau mengine yote. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kongo kwa wagonjwa wa mpox kuhusu dawa ya kupambana na virusi iitwayo tecovirimat. Dawa haikuharakisha vidonda kupona. Lakini kati ya wote walioshiriki, waliopewa dawa na wasiopewa, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati kiwango cha vifo kilichozoeleka nchini ni asilimia 3.6 au zaidi. Walikuwa wamelazwa na kuhudumiwa ipasavyo. Hakuna teknolojia ngeni hapo: ni kitanda, muuguzi, lishe, na kutibu maradhi mengine yanayoambatana. Anayesema Wakongo wanakufa kwa sababu mpox haina dawa anatuficha nusu ya habari.

Kisingizio cha kwamba Waafrika hawako tayari nacho tunakijua tangu zamani. Mwaka 2001, Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, wakati huo, alipinga kuleta dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI barani kwetu akidai kwamba Waafrika wengi hawajui kufuata saa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wagonjwa wa Afrika wanameza dawa zao kwa uaminifu sawa na wa Amerika Kaskazini au zaidi. Waliokufa wakisubiri tafiti hizo hawakurudi.

Serikali zetu nazo nazilaumu. Kinshasa iliidhinisha matumizi ya chanjo za mpox Juni 2024, wakati moto umeshatapakaa. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, mwaka 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, na nchi nyingi hazijawahi kufika hapo. Mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana nilifurahi tarehe 13 Agosti 2024, pale Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, chini ya Jean Kaseya, daktari Mkongo, ilipotangaza dharura ya bara siku moja kabla ya WHO. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia mamlaka hayo.

Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba kuhusu magonjwa ya mlipuko. Ndani yake kuna kifungu ninachokifuatilia kuliko vingine: nchi itoe sampuli za vimelea vyake, na viwanda vinavyoshiriki vilenge kuipa WHO asilimia 20 ya chanjo na dawa zinazozalishwa wakati wa dharura ya mlipuko wa dunia nzima, angalau asilimia 10 zikiwa bure. Namna ya kukitekeleza iliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Ninachotaka kutoka kwa wajumbe wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa ni wakatae neno "hiari" kuingia humo, na wadai asilimia hizo zianze kutolewa mara mlipuko unapothibitishwa, hata kama ungali Kamituga.